Kidole Kisichosomeka

Mama yangu hana alama za vidole. Alizaliwa nazo kama watu wote, lakini miaka arobaini na kitu ya kuchuma majani chai kule Kianjokoma, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu, imezilainisha mpaka zikaisha. Kwa hiyo siku ya kwenda kuchukua pesa za wazee huanzia jikoni. Anachemsha maji, anatia mkono wa kulia kwenye karai, anausugua kwa kitambaa, anaukausha, halafu anapaka kidole gumba mafuta kidogo na kukifungia ndani ya ngumi kama mtoto anayeficha peremende. Hakifungui mpaka afike kwa ajenti wa benki.

Siku moja nilimsindikiza. Kijana wa dukani akakiweka kidole kwenye kimashine, kimashine kikalia. Akakifuta, akakiweka tena, kikalia tena. Nyuma yetu foleni ilikuwa ya wazee watupu, kila mmoja akitazama vidole vyake mwenyewe.

"Shosho, mashine inasema si wewe," kijana akasema, kwa adabu.

"Basi iulize mimi ni nani," mama akajibu.

Jaribio la sita, kwa kidole kingine kabisa, mashine ikasadiki. Akahesabiwa shilingi 4,000, za miezi miwili. Akazihesabu tena mwenyewe, akazifunga kwenye pindo la leso, na tukatoka.

Elfu mbili kwa mwezi ndizo pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali. Tangu 2018 zimekusudiwa kila Mkenya aliyefika miaka 70 na asiye na pensheni nyingine. Umri huo una historia yake. Bismarck alipoleta pensheni ya uzeeni Ujerumani mwaka 1889 alianzia miaka 70. Uingereza ikaanzia hapo hapo kwa sheria yake ya 1908, na Zanzibar nayo ilipoanza kuwalipa wazee wake wote mwaka 2016. Nadhani wakubwa hawa wote waliisoma Zaburi ya 90, ile inayohesabu siku za mtu kuwa miaka sabini, wakaona ni busara serikali ianze kulipa pale zaburi inapomalizia.

Mimi sipangi foleni ile. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili wa shule za msingi huku Igembe, Meru, nilikoolewa, miaka 34, na nikastaafu nikiwa na 60. Walimu wa rika langu tunaijua hesabu kwa moyo: chukua mshahara wa mwisho, ugawe kwa 480, uzidishe kwa miezi uliyofanya kazi. Miezi yangu ni 408. Ilichukua muda faili langu kutoka meza moja hadi nyingine katika ofisi nisiyotaka kuitaja, lakini pensheni ilipotoka, ilitoka. Tangu hapo pesa huingia benki bila mtu kuniuliza mimi ni nani.

Swali la nani anapaswa kumlisha mzee lilinikalia moyoni kwa sababu ya kanisa. Mimi ni mweka hazina wa akina mama katika kanisa letu la Kimethodisti karibu na Maua. Mwaka huu mama mmoja alileta hoja: kila mshirika atoe shilingi 50 kwa mwezi, tuwape wazee wetu waliovuka sabini na wasio na mtu. Nilipewa kazi ya kuchora daftari. Nikachora mistari, nikaandika tarehe, jina, kiasi. Nilipofika kwenye safu ya mwisho, ya pesa zinazotoka, kalamu ikasimama. Niandike "msaada"? Niandike "malipo"? Mwalimu wa lugha hawezi kuandika neno lolote tu. Msaada hutolewa na anayependa. Malipo hutolewa na anayedaiwa. Je, mzee anaomba au anadai? Na kama anadai, anamdai nani?

Kwenye kikao mhubiri wetu kijana alisimama akafungua Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya tano. Akasema Paulo amemaliza mjadala: watoto na wajukuu ndio wa kuwalipa wazazi wao, na kanisa lisitwishwe mzigo. Watu wakaitikia amina, hasa wanaume. Mimi nikamwomba aendelee kusoma. Kanisa lisitwishwe mzigo, ndiyo, lakini kwa sababu iliyotajwa pale pale: ili liweze kuwatunza wajane wasio na mtu kabisa. Tena kulikuwa na orodha, na mjane haandikwi kwenye orodha hiyo kabla hajafika miaka sitini. Sitini! Umri ule ule ambao Serikali ya Kenya humwambia mwalimu arudishe chaki. Na ukirudi nyuma hadi Matendo ya Mitume, sura ya sita, utakuta manung'uniko juu ya mgao wa kila siku: wajane wa Wayahudi waliozungumza Kigiriki walikuwa wakirukwa. Mitume hawakuwaambia warudi kwa watoto wao. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kushughulikia mgao huo. Yaani ushemasi wetu, pamoja na kola na joho zake, ulianzia kwenye foleni ya akina mama wazee.

Lakini sitaki kumshinda kijana kwa aya. Neno lake lina uzito, na mwenye kuishi huku analijua. Kwetu mtoto ndiye pensheni ya kwanza. Mama alitulea saba, na hata leo akisema "akiba yangu" anatumaanisha sisi. Tatizo si kwamba watoto hawatumi. Wengi wanatuma. Tatizo ni kule kungoja. Nimemwona mama akiangalia simu yake ndogo tarehe tano, tarehe sita, bila kuigusa. Hawezi kumpigia mwanawe kumuuliza, kwa sababu akiuliza itakuwa ameomba, na mzazi kumwomba mtoto kunaumiza pande zote mbili. Kwa hiyo anapiga "kusalimia tu." Ndugu yangu Nairobi anajua salamu hizo zina maana gani. Anatuma elfu moja, na moyo wake umenuna kidogo, na mama anajua umenuna. Mwalimu mwenzangu Mwislamu, tuliyefundisha naye miaka mingi, aliwahi kunikumbusha kwamba katika sura ya Al-Israa mtoto anakatazwa hata kuwaguna wazazi waliozeekea mikononi mwake. Wala hapakutajwa kiasi cha kuwapa. Nadhani aliyekataza mguno alijua kwamba mzee husikia mguno kabla hajaiona noti.

Baba mkwe wangu hangoji simu ya mtu. Amevuka miaka themanini na ana miraa. Si hii ya juzi. Ni miti mizee, yenye mashina yaliyojikunja kama viwiko, ile ambayo Igembe tunaiita mbaine na ambayo miraa yake hununuliwa kwa bei ya heshima. Ilipandwa na waliomzaa aliyemzaa. Siku ya kuchuma anaketi kwenye kigoda chini ya mti na kofia yake, vijana wanapanda, vichomozo vinashuka, vinapangwa, vinafungwa kwa majani ya mgomba visinyauke, na kabla jua halijapanda gari limeshaondoka, kwa maana miraa ya kesho kutwa si miraa tena. Analipwa pale pale. Nilimuuliza kama haoni uzito kuishi kwa mti ambao kanisa la mkewe haliupendi. Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "mti huu hauniulizi pesa ya jana nimeifanyia nini."

Jibu hilo nililichukua nyumbani. Kwa muda nilidhani ndilo jibu lote: mtu apande mti akiwa kijana, mti umtunze akiwa mzee, serikali ikae pembeni. Huko Embu wangesema makadamia, au muguka kwa ndugu zetu wa Mbeere. Lakini mimi nilifundisha chini ya miti hiyo. Najua nani anapanda juu yake. Matawi ya miraa hayapendi mtu mzito, kwa hiyo hupanda wavulana, na siku ya kuchuma darasa langu la sita lilibaki wasichana na wavulana wawili watatu wenye kuogopa fimbo. Pensheni ya mzee ilikwewa na mtoto aliyepaswa kuwa anajifunza ngeli za nomino. Na mti nao una serikali zake, tena za mbali. Uholanzi ilifunga mlango mwaka 2013, Uingereza ikafunga Juni 2014. Machi 2020 Somalia ikazuia ndege za miraa, na haikuziruhusu tena hadi Julai 2022. Miaka hiyo miwili baba mkwe aliketi kwenye kigoda kile kile, kofia ile ile, na gari halikuja mapema tena. Hakuna aliyemkosea. Hakuna pia wa kumdai.

Wazee wa hapa hupenda kusema kwamba zamani hapakuwa na haja ya haya yote. Zamani ipi? Meru ya rika ilikuwa na mpango, na kusema kweli ulikuwa wa akili. Mwanamume alipanda ngazi, na kila ngazi ilikuwa na ada yake: mbuzi, fahali, pombe ya miwa. Waliotangulia ndio waliokula. Mamlaka yalipokabidhiwa kwa wadogo katika ntuiko, wakubwa waliachia kazi lakini hawakuachia nyama. Ukiutazama kwa makini, mpango huo ni ule ule ambao mataifa tajiri yanauendesha leo: anayefanya kazi sasa anamlisha aliyemaliza, kwa ahadi kwamba anayekuja atamlisha yeye. Njuri Ncheke, baraza la wazee lenye makao Nchiru, ni masalio hai ya hesabu hiyo. Ila nyama ilikuwa ya wanaume. Mjane alikula kwa kupitia mwanawe, na asiyekuwa na mwana alikula kwa kupitia huruma. Nikisikia mtu akiililia zamani, huwa natazama kwanza ni mwanamume au mwanamke.

Kuna pia njia ya kujiwekea mwenyewe. Mwaka 2011 ulizinduliwa mpango wa Mbao kwa watu wa jua kali na biashara ndogo, shilingi ishirini kwa siku, na baadaye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ukaja na Haba Haba. Mpwa wangu mwendesha boda boda aliniuliza kama inafaa. Nilimpigia hesabu ubaoni, maana ubao ninao bado, nyuma ya mlango. Ishirini kwa siku ni 7,300 kwa mwaka. Miaka thelathini bila kukosa hata siku moja, bila malaria, bila pancha, ni 219,000, tukiiacha faida pembeni. Ukizitoa elfu mbili kwa mwezi, kama za shosho wake, zinakuchukua miaka tisa na mwezi mmoja na nusu. Alitazama ubao kwa muda mrefu. "Na nikiishi zaidi?" Sikuwa na jibu, nikampa chai. Anaweka hata hivyo, siku anazokumbuka. Nami namwambia akumbuke, kwa sababu chama cha mama yake kilimzika baba yake vizuri lakini hakikumlisha alipokuwa hai, na vyama vyetu vingi ndivyo vilivyo: vina bidii zaidi kwa maiti.

Sasa nirudi kwenye hesabu yangu mwenyewe, ile ya 480, kwa sababu hapo ndipo niliposhtuka. Pensheni yangu haijawekwa kwenye sanduku lolote lenye jina langu. Mwalimu wa rika langu hakukatwa shilingi kwa ajili yake. Makato yalianza Januari 2021 kwa vijana na mpango mpya. Sisi tunalipwa kutoka hazina ya taifa, yaani kutokana na kodi. Nani analipa kodi hiyo? Mwenye kampuni Nairobi, ndiyo. Lakini pia kila anayenunua kipande cha sabuni, maana ndani ya bei yake mna kodi ya asilimia 16. Mama amenunua sabuni maisha yake yote. Alifua sare zangu za shule kwa sabuni hiyo, akafua sare za wadogo zangu, akaosha mikono yake yenye utomvu wa chai. Kwa hiyo amekuwa akichangia pensheni ya binti yake, kidogo kidogo, tangu kodi hiyo ilipoanza, na hakuna kimashine kilichowahi kumkatalia kidole alipokuwa analipa.

Ndipo maneno "serikali inawasaidia wazee" yaliponiwia magumu kumeza. Thomas Paine, Mwingereza aliyeshiriki katika mapinduzi ya Marekani na ya Ufaransa, alichapisha mwaka 1797 pendekezo kwamba kila mtu aliyefika miaka hamsini alipwe pauni kumi kwa mwaka, kutokana na kodi ya urithi. Hoja yake ilikuwa ya ardhi: dunia ilikuwa ya wote kabla ya wachache kuizungushia ua, basi mwenye ua anadaiwa na wote kodi ya pango. Sijui angesema nini angefika huku. Ardhi yetu nayo ilikuwa ya ukoo kabla ya hatimiliki, na hati zilipokuja ziliandikwa majina ya wanaume waliokuwapo siku hiyo. Bibi zangu walilima ardhi ambayo karatasi haikuwajua. Kwa hiyo nikiona elfu mbili mkononi mwa mwanamke wa miaka themanini, naiona kama pango lililochelewa sana, na dogo mno.

Katiba yetu ya 2010 imeligusa jambo hili katika kifungu cha 57. Inasema wazee wana haki ya kutunzwa ipasavyo na familia yao na Serikali. Watu husoma kifungu hicho wakitafuta nomino. Mimi nilikwama kwenye kiunganishi. "Na." Haikusema "au". Familia haiwezi kunyoosha kidole kwa Serikali, na Serikali haiwezi kunyoosha kidole kwa familia. Ningekuwa bado darasani ningewapa wanafunzi insha nzima juu ya silabi hiyo moja.

Na kanisa je? Hapa ninasema kitu ambacho hakikunipatia marafiki kikaoni. Katika Marko, sura ya saba, Yesu anawakemea watu waliokuwa na ujanja wa Korbani: mali ambayo ingewafaa wazazi wao wanaitangaza kuwa wakfu wa Mungu, basi baba na mama hawaigusi tena. Nilisoma aya hizo nikaona harambee yetu ya mwisho ya ujenzi. Nilikuwa nimeshika daftari, kwa hiyo najua. Mtu alishika kipaza sauti, akatoa elfu hamsini, tukapiga makofi na vigelegele, na mama yake mzazi alikuwa ameketi safu ya nyuma na viatu vya kuazima. Mabati yako juu, yanang'aa. Simlaumu yeye peke yake. Sisi ndio tuliopiga makofi, na mimi ndiye niliyemwandikia risiti. Sijawahi kuona risiti ya kumlisha mama, wala kipaza sauti chake.

Hoja ilipita, kwa kura chache. Mhubiri kijana mwenyewe aliipigia, nikampenda zaidi. Lakini safu ya mwisho ya daftari ilibaki bila jina, na nilienda nayo Embu mwezi uliofuata ndani ya mkoba, nikidhani labda nitalipata njiani. Matatu ilipovuka mto Thuci nilikuwa bado sijalipata.

Mama alikuwa ametoka kwa ajenti. Kidole kilikuwa kimekubali mara ya tatu, akanieleza kwa fahari kama mtu aliyefaulu mtihani. Aliketi kwenye kitanda akafungua pindo la leso na kuanza kugawa. Nilimwangalia. Mia tano, deni la dukani: unga, majani, sukari. Mia tatu, dawa ya presha. Mia mbili za sadaka ya kanisa lake la Kianglikana, akazikunja mara nne. Elfu moja akaiweka chini ya mto: mjukuu anaenda kidato cha kwanza, na shosho hawezi kumuaga mikono mitupu. Mia moja ya jirani yake aliyelala hospitalini. Nilitaka kumwambia ale kwanza yeye, lakini nikaona uso wake. Tulipokuwa tukimtumia sisi, hakuwahi kugawa namna hii. Pesa za mtoto zilikuwa na jina la mtoto. Alizila au akazitunza, akituogopa kidogo. Hizi alizigawa kama mwenye nyumba. Mtu aliyekuwa akipokea kwa miaka mingi alikuwa ameanza tena kutoa.

Nikamsimulia habari za kanisa letu, za kura, za ile shilingi hamsini ya kila mwezi kwa wazee. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akatafuta kwenye leso, akatoa noti ya hamsini, akainyoosha kwenye goti.

"Andika," akasema.

"Mama, ni za watu wa kanisa letu. Na wewe una miaka themanini na tatu. Wewe ungekuwa kwenye orodha ya wanaopewa."

"Nimesikia. Andika."

Nikatoa daftari. Akasogea karibu kuona nimeliweka jina lake safu gani.